Taa za tyubu kwa akwaria ya mimea: yasemwayo na yaliyo kweli

Mwenye samaki peke yao anaweza kuwasha taa yoyote aliyonayo, maana samaki hawali mwanga. Mambo hubadilika siku anapopanda mimea ndani ya tangi. Hapo duka la samaki linamtolea tyubu iliyo kwenye kasha lenye picha, kwa bei mara kadhaa ya tyubu ya kawaida ya duka la vifaa vya umeme, na hapo ushauri unaanza kugongana. Ushauri huo haukuzuka hewani. Mwingi ulikuwa sahihi kwa taa za zamani, ukaendelea kurudiwa taa zilipobadilika.

“Mimea haikui bila tyubu maalumu ya akwaria”

Inakua. Ndani ya kila tyubu ya floresenti mna mvuke wa zebaki unaotoa miale ya urujuanimno, na unga mweupe uliopakwa upande wa ndani wa kioo ndio unaoigeuza kuwa mwanga tunaouona. Tyubu hutofautiana kwa unga huo, kwa hiyo achana na picha usome namba. Katika 865, ile 8 ya mwanzo inamaanisha uhalisia wa rangi ni zaidi ya 80 kwa 100, na 65 ni 6500K (K ni Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga), weupe wa mchana. Katika 840 ni 4000K, weupe unaovuta kidogo kwenye manjano. Zote mbili zinafaa, na ukizichanganya tangi linapendeza zaidi. Ile ya bei ya chini kabisa, inayoandikwa 54 au 765, ina unga wa kizamani: kwa wati 18 zilezile inatoa lumeni (kipimo cha mwanga unaotoka) kama 1050, ilhali 865 inatoa kama 1300. Hiyo ndiyo nyongeza ya bei ambayo mimi ningeilipa bila kunung’unika.

Zipo tyubu za mwanga wa waridi zilizotengenezwa kwa ajili ya mimea kweli, Gro-Lux ya Sylvania ikiwa maarufu kuliko zote. Zinafanya kazi. Pia zinamfanya samaki mwekundu aonekane mwekundu kuliko alivyo, na nashuku wengi hununua hilo.

“Kelvin zikipanda, mimea inastawi”

Kelvin ni habari ya macho yetu. Klorofili hunasa zaidi mwanga wa buluu, karibu na nanomita 430 hadi 450, na mwekundu, karibu na 640 hadi 660, na hata kijani kinachodhaniwa kupotea bure hutumika kwa kiasi chake. Lumeni nazo hupimwa kwa jicho la binadamu, ambalo huona vizuri zaidi kijani cha nanomita 555. Kipimo cha mmea ni PAR, yaani wingi wa mwanga kati ya nanomita 400 na 700 unaolifikia jani. Kifaa cha kupimia PAR ni ghali kuliko tangi zima, basi linganisha lumeni za tyubu zenye rangi moja na utakuwa karibu na ukweli. Tyubu za buluu kali na za 10000K ni za matumbawe. Waachie wenye maji ya chumvi.

“Nusu wati kwa kila lita, basi”

Kanuni hii ilitoka Marekani, ambako walisema wati 2 kwa galoni, na galoni yao ni lita 3.8. Ilizaliwa enzi za tyubu nene za T12, zenye kipenyo cha milimita 38, na T8 za milimita 26. Kwa tangi la wastani lenye T8 bado inasaidia. Chukua tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36: ni kama lita 65. Tyubu mbili za wati 18, ambazo urefu wake ni hizohizo sentimita 60, zinakupa wati 36, yaani 0.55 kwa lita. Hapo unaotesha Vallisneria, Cryptocoryne na mingi mingine. Tyubu moja tu inatosha kwa Anubias, mmea wa vijito vya misitu ya Afrika Magharibi na Kati uliozoea kivuli.

Toka nje ya ukubwa huo kanuni inakudanganya. Tangi la lita 15 litahitaji zaidi ya inavyosema, na la lita 300 litahitaji pungufu. T5 za milimita 16 zenye kiakisi kizuri huangaza kupita hesabu, na LED haziingii kwenye hesabu hii kabisa. Halafu kuna kosa la enaji seva: kasha linasema wati 23 “sawa na 100”, mtu anaandika 100. Andika 23. Tena enaji seva ya kujisokota hujizuia yenyewe, kwani mwanga wa mzunguko mmoja hugonga mzunguko wa jirani. Ilaze juu ya maji badala ya kuining’iniza wima, maana mwanga wake mwingi hutokea ubavuni.

“Foili ya jikoni ndiyo kiakisi bora”

Tyubu huangaza pande zote. Bila kitu cha kuurudisha mwanga chini, sehemu kubwa inaishia kwenye mbao za kifuniko, kwa hiyo kiakisi kinaweza kukupa zaidi kuliko kuongeza tyubu. Lakini foili iliyokunjamana hutawanya mwanga hovyo, na ubaya wake mkubwa ni kwamba inapitisha umeme. Kuibandika karibu na holda, mahali penye mvuke wa maji, ni kutafuta msiba. Rangi nyeupe ya kawaida isiyong’aa, mikono miwili ndani ya kifuniko, inarudisha mwanga vizuri kwa gharama ya kopo dogo. Na kioo cha juu kifutwe. Ukungu wa chokaa na vumbi hula mwanga mwingi kuliko maji yote ya tangi la kina cha sentimita 36.

“Dirisha lipo, jua ni bure”

Jua la saa sita mchana kwenye ukanda wetu hukaribia mikromoli 2000 kwa mita mraba kwa sekunde, ambacho ndicho kipimo cha ile PAR. Mimea ya mwanga mdogo huridhika na 20 hadi 40. Ukiweka tangi dirishani Dar es Salaam au Mombasa umealika mwani na joto, na maji ya huko yana joto la kutosha tayari.

Hili linatuleta kwenye mwani wenyewe, ambao watu huusingizia aina ya taa. Mwani hauchagui floresenti wala LED. Unanufaika pale mwanga unapozidi kile ambacho mimea inaweza kukitumia, na kwenye tangi lisilopulizwa kabonidayoksaidi mimea hukwamishwa na gesi hiyo mapema sana. Kuongeza tyubu ya tatu hapo ni kuulisha mwani. Anza na saa 7 au 8 kwa siku, uweke taima ya plagi ili saa ziwe zilezile kila siku, kisha ongeza taratibu ukiona majani mapya yana nguvu.

“Wati 36 ni umeme mdogo, hauwezi kuumiza mtu”

Dhana hii ndiyo inayonikera. Wati ni matumizi ya taa. Waya unaoileta una volti 230 au 240, na mkono wako uko ndani ya maji. Kuunda taa mwenyewe kwa bei nafuu ni jambo zuri, ila kuna mahali pasipofaa kubana.

Choki, kile kipande kizito kinachodhibiti umeme wa tyubu, haikai ndani ya kifuniko. Inapata joto, ina uzito, na ndicho kipande kisichotakiwa kabisa kulowa, kwa hiyo ifungwe kwenye kisanduku ukutani, waya mrefu ndio uende kwenye tyubu. Holda ziwe za aina yenye mpira wa kuzuia maji. Kati ya tyubu na maji kuwe na kioo, kwa sababu ya mvuke na pia kwa sababu tyubu ikidondoka na kuvunjika, zebaki inaingia kwa samaki. Waya ushuke chini ya soketi kwanza ndipo upande, ili tone linalotambaa juu yake lidondoke sakafuni kabla ya kufika kwenye plagi. Fremu ya chuma iwe na waya wa ethi. Na mstari huo uwe na RCD, swichi inayokata umeme unapovuja, ya milliampea 30. Kama nyumba haina, fundi umeme mwenye leseni aifunge kabla ya yote. Viungio vya kuzungushia solotepu viishie kwenye simulizi.

Sehemu nzuri ya kupata vifaa ni ofisi zinazohamia LED. Zile taa za dari za sentimita 60 kwa 60 huwa na tyubu nne za wati 18 na choki zake, nazo hutupwa au huuzwa kama chuma chakavu. Tyubu mbili za wati 18 zinaweza kufuatana kwenye choki moja ya wati 36, ila stata, vile vikopo vidogo vya kuwashia tyubu, ziwe S2. Zile S10 zilizozoeleka ni za tyubu moja moja. Mpango huo unakula kama wati 45 pamoja na choki: kwa saa 8 kila siku, karibu uniti 11 za Luku kwa mwezi.

“Badilisha tyubu kila baada ya miezi sita”

Ushauri wa unga wa kizamani, na wauzaji wanaupenda. Tyubu nzuri ya 865 hupoteza takriban sehemu moja ya kumi tu ya mwanga wake katika saa zake elfu kadhaa za kwanza, na saa 8 kwa siku ni 2,920 kwa mwaka. Ncha zikiwa nyeusi na taa ikisitasita kuwaka, badilisha.

“Floresenti imekufa, ni kupoteza fedha”

Kwa anayeanza bila kitu, nakubali: anunue LED. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba utengenezaji na biashara ya nje ya tyubu za floresenti vikome ifikapo 2027, na nchi za Afrika ndizo zilizosukuma pendekezo hilo. Lakini makubaliano hayakatazi kuwasha uliyonayo. Mwenye fremu nzima aitumie, anunue tyubu mbili za akiba, na iliyoungua asiivunje wala kuitupa jalalani. Zikiisha, fremu bado ina kazi: tyubu za LED za urefu uleule zinauzwa pamoja na stata yake ya kubadilishia kwa fremu yenye choki, na kwa fremu yenye balasti ya kielektroniki (inayofanya kazi ya choki), aina nyingi zinahitaji fundi aitoe balasti kwanza. LED ya wati 9 itakusomea lumeni chache, ila zake zote zinaelekea chini.