Vigawo tasa: namba yako ya simu imeundwa na nini?

Namba ya simu ya mkononi ya Uganda ikiandikwa kamili, kuanzia 256, ina tarakimu 12. Tumezoea kuiona kama anwani tu, lakini nayo ni namba kama nyingine yoyote, zaidi ya bilioni 256, na ina vigawo vyake.

Kigawo huigawa namba bila kuacha baki. Namba tasa ni ile inayozidi 1 na haigawiki ila kwa 1 na kwa yenyewe: 2, 3, 5, 7, 11 na kuendelea. Sisi tuliofundishwa hesabu kwa Kiingereza jina hili hutuchekesha: tasa ni asiyezaa, kumbe hizi ndizo zinazozaa nyingine zote! Kila namba inayozidi 1, kama si tasa, ni zao la namba tasa, na kwa namna moja tu. Utabadilisha mpangilio, si namba zenyewe. Carl Friedrich Gauss alilithibitisha hilo kikamilifu mwaka 1801.

Chukua 256, msimbo wa simu wa Uganda: ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, hakuna kingine. Vuka Mpondwe uingie Kongo, msimbo ni 243, yaani 3 × 3 × 3 × 3 × 3. Mutukula, kuingia Tanzania, unakuta 255, ambayo ni 3 × 5 × 17. Malaba, kuingia Kenya, 254, yaani 2 × 127. Burundi wana 257, na hiyo ni tasa. Majirani wa ukuta mmoja, damu mbalimbali.

Sasa namba ndefu. 256,000,000,000 ni zao la 2 zipatazo 17 na 5 zipatazo tisa. Ukichagua 2 ngapi utumie (kuanzia sifuri hadi 17) na 5 ngapi (sifuri hadi tisa), unapata 18 × 10, yaani vigawo 180. Ongeza 2 tu mwishoni, 256,000,000,002, na mambo yanageuka. Jumlisha tarakimu: 2+5+6+2 ni 15, kwa hiyo inagawika kwa 3. Ni shufwa pia, yaani inagawika kwa 2. Inabaki 2 × 3 × 42,666,666,667, na zile 2 nyingi zimeyeyuka. Tarakimu ya mwisho ndiyo inayoamua kama namba inagawika kwa 2, ndiyo maana namba ya simu inayoishia na 7 ni witiri (haigawiki kwa 2), hata ikianza na 256.

Je, yako ni tasa? Ikiishia na tarakimu shufwa au 5, acha. La sivyo, igawe kwa namba tasa moja moja hadi kufikia kipeuo chake cha pili (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inakupa namba yako), takriban 507,000. Hizo ni zaidi ya namba tasa 41,000. Kompyuta humaliza kufumba na kufumbua. Kwenye ukubwa huo, takriban namba moja kati ya 26 ni tasa.

Yangu ilikufa kwa 3. Ya dada yangu ningali naigawa kwa kalamu, nimefika 113.