Je, wajua ni kwa nini lugha ya Kifrisia inadaiwa na kikapu cha viraka?

Mpenzi wa soka anayemkumbuka Ruud van Nistelrooy labda anaikumbuka pia timu aliyoichezea kabla ya PSV na Manchester United: SC Heerenveen, ya kaskazini mwa Uholanzi. Jezi yake ina mistari ya bluu na nyeupe, na juu ya mistari kuna alama nyekundu ambazo mcheza karata yeyote angeapa kuwa ni kopa. Si kopa. Ni majani ya yungiyungi, ule mmea wa majini, nayo ndiyo alama ya jimbo la Friesland.

Timu hiyo ikicheza nyumbani, kabla filimbi haijapulizwa, uwanja husimama na wimbo hupigwa. Si wimbo wa taifa la Uholanzi, na maneno yake si ya Kiholanzi. Unaanza hivi: “Frysk bloed, tsjoch op!” Yaani, damu ya Kifrisia, inuka! Aliyeyatunga maneno hayo alikuwa daktari wa kijijini, mtoto wa mwoka mikate, aitwaye Eeltsje Halbertsma.

Ilikuwaje mtoto wa mwoka mikate akapata wa kumwimba, tena kwa lugha ambayo wakati anazaliwa ilikuwa haiandikwi barua wala haihubiriwi kanisani? Kujibu hilo inabidi turudi nyuma kidogo.

Zama za kati Wafrisia walijivunia kwamba hawana bwana juu yao ila Kaizari, na Kaizari alikuwa mbali. Sheria zao ziliandikwa kwa Kifrisia cha kale. Mambo yakageuka mwaka 1498, Albrecht wa Saxony alipokabidhiwa nchi yao. Wakaja maofisa wageni na karatasi zao, Kiholanzi kikashika ofisi, baadaye kikashika kanisa na shule. Kifrisia kikabaki zizini, jikoni na kwenye mashua. Kilisemwa na kila mtu, ila mtu akitaka kuandika alibadili lugha kama anayebadili nguo ya kazi avae ya kutokea.

Zama zile za kupinga wageni ndizo zilizotoa kitendawili cha ulimi ambacho Wafrisia hawachoki kukirudia: “Bûter, brea en griene tsiis, wa't dat net sizze kin, is gjin oprjochte Fries.” Siagi, mkate na jibini ya kijani, asiyeweza kuyatamka hayo si Mfrisia wa kweli. Wanasema Grutte Pier, jitu la miraba minne lililopigana na Wasaksoni na Waholanzi, aliwapima mateka wake kwa maneno hayo. Sisi tungempa mgeni aseme “ng'ombe” na “nyanya”, na tungeridhika kucheka. Kwa Pier, hadithi inadai, aliyeshindwa hakupata nafasi ya pili.

Karne ya 17 alitokea mwalimu mmoja wa mji wa Bolsward, Gysbert Japicx, akathubutu kutunga mashairi ya hali ya juu kwa Kifrisia. Yalichapishwa mwaka 1668, miaka miwili baada ya kifo chake. Kisha ukapita muda mrefu wenye maandishi ya hapa na pale tu. Mtu akisoma Kifrisia alikuwa anamsoma Gysbert, na waliomsoma walikuwa wachache.

Hapo ndipo inapoingia nyumba ya Halbertsma wa Grou.

Grou ni kijiji cha maji, kando ya ziwa la Pikmeer, mahali ambapo mtoto hujua tanga kabla ya kujua gari la farasi. Baba, Hidde, alikuwa mwoka mikate na mfanyabiashara. Mama aliitwa Ruurdtsje. Walizaa wavulana wanne: Joast mwaka 1789, Tsjalling mwaka 1792, Binnert mwaka 1795 na Eeltsje mwaka 1797. Jina kamili la mkubwa ni Joast Hiddes Halbertsma, na msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa sana: Hiddes ni “wa Hidde”, kama tunavyosema Joast bin Hidde. Lile “-ma” la mwisho nalo lina habari yake. Ukikutana na Mholanzi ambaye jina la ukoo wake linaishia na -ma au -stra, muulize kwao ni wapi. Mara nyingi atakutajia kaskazini.

Joast alisomea dini akawa mchungaji wa Wamennonite. Watu wa Musoma na Shirati wanalijua kanisa hilo, maana wamisionari wake kutoka Marekani walifika Mara mwaka 1934, lakini jina lenyewe limetokana na Menno Simons, Mfrisia wa kijiji cha Witmarsum, si mbali na Bolsward. Na Bolsward ndiko Joast alikopangiwa kazi mwaka 1814: mji uleule wa Gysbert Japicx. Kijana mwenye masikio, akiwa mchungaji katika mji wa mshairi aliyesahaulika, hakuweza kukaa kimya. Mwaka 1823 mji huo ulimfanyia Gysbert sherehe kubwa ya kumbukumbu, na Joast alikuwa miongoni mwa waliosukuma jambo hilo, ingawa wakati huo alikuwa amekwishahamia Deventer, nje kabisa ya Friesland. Huko Deventer aliishi hadi alipokufa mwaka 1869. Yaani mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kwa ajili ya Kifrisia, sehemu kubwa ya maisha yake alipofungua dirisha hakukisikia mtaani. Waliokaa ughaibuni watamwelewa.

Eeltsje alisomea udaktari Leiden, akapitia pia Heidelberg, Ujerumani, ambako wanafunzi walikuwa wakiimba nyimbo za kienyeji kwa sauti kubwa na bia mkononi. Alirudi Grou na stethoskopu? Hapana, kifaa hicho ndiyo kwanza kilikuwa kimebuniwa Ufaransa. Alirudi na nyimbo kichwani. Tsjalling alibaki kwenye biashara. Binnert hatumkuti kwenye vitabu.

Mwaka 1822 kikatoka Deventer kijitabu chembamba kiitwacho “De Lapekoer fan Gabe Skroar”. Skroar ni mshonaji nguo. Lapekoer ni kile kikapu anachotupia vipande vya vitambaa vilivyobaki baada ya kukata. Kwa hiyo: kikapu cha viraka cha Gabe mshonaji. Ndani mlikuwa na mashairi na visa vya Joast na Eeltsje, lakini anayesimama jaladani ni Gabe.

Kwa nini mshonaji, na kwa nini viraka? Tuchukulie nguo zilivyokuwa zikishonwa wakati ule. Cherehani ilikuwa bado haijaingia majumbani. Kazi yote ni sindano na vidole, saa nyingi mtu amekaa huku mdomo uko huru. Mshonaji anasikia ya nyumba hii na kuyasimulia kwenye nyumba ile. Halafu kile kikapu: hakuna kitambaa kizima ndani yake, kuna kipande cha sherehe, kipande cha msiba, kipande cha suruali ya mvuvi. Ndugu wale walikuwa wanamwambia msomaji tangu jaladani asitarajie joho la profesa. Ni ujanja pia. Kitu kikidharauliwa, kukileta kama mzaha ni njia ya kukipitisha mlangoni bila kuzuiwa.

Na kilipita. Gysbert alikuwa ameandika kwa ustadi uliomtaka msomaji akunje uso. Halbertsma waliandika kama watu wanavyosema sokoni. Wafrisia wengi walijua kusoma, kwa kuwa shule ziliwafundisha Kiholanzi, lakini kuyaona maneno ya mama yao yakiwa yamepigwa chapa lilikuwa jambo geni. Unaweza kuusikia mshtuko wake ukikumbuka mara ya kwanza ulipokuta neno la nyumbani kwenu, lile ulilodhani halina tahajia, limeandikwa kitabuni. Kikapu kikajazwa tena mwaka 1829, na mwaka 1834 kikatoka kimenona, safari hii na Tsjalling ndani.

Sitadai kwamba kila kilichomo ni dhahabu. Mashairi kadhaa yana machozi kuliko msiba wenyewe, na baadhi ya vichekesho vimechacha. Ila Eeltsje alikuwa na kipaji kimoja kisichofundishwa: alijua ubeti gani utaimbika. Nyimbo zake nyingi alizivisha tuni za Kijerumani alizokuwa anazijua. Hata ule wimbo wa uwanjani Heerenveen, tuni yake ni wimbo wa wanafunzi wa Kijerumani uliotungwa na Heinrich Christian Schnoor mwishoni mwa karne ya 18. Maneno ya Eeltsje yalikuja kufupishwa na Jacobus van Loon ndipo yakawa wimbo rasmi wa Wafrisia. Damu ni ya Kifrisia, basi, ila koti ni la kuazima.

Mwaka 1871 maandishi ya ndugu watatu, wote wakiwa wamekwisha kufa, yalikusanywa katika kitabu kimoja, “Rimen en Teltsjes”, yaani mashairi na hadithi. Kilikaa kwenye rafu za nyumba za wakulima jirani kabisa na Biblia. Na kabla ya hapo njia ilikuwa imefunguka: kuanzia mwaka 1860 Waling Dykstra na mwenzake Tsibbe van der Meulen walizunguka vijijini jioni za baridi, wakisoma, wakiimba na kuigiza kwa Kifrisia mbele ya watu waliolipa kiingilio. Kikapu kikawa jukwaa.

Joast, kwa upande wake, hakutosheka na vichekesho. Yeye alikuwa mwanazuoni hasa. Aliwaandikia wataalamu wa lugha wa Ulaya, Jacob Grimm akiwa mmoja wao, na Mwingereza Joseph Bosworth alipoandaa kamusi yake ya Kiingereza cha kale, Joast ndiye aliyemwandikia sehemu kuhusu Kifrisia. Hoja yake inaeleweka haraka kwa yeyote aliyesoma Kiingereza shuleni: jibini kwa Kiholanzi ni “kaas”, kwa Kifrisia ni “tsiis”, kwa Kiingereza ni “cheese”; kanisa kwa Kiholanzi ni “kerk”, kwa Kifrisia ni “tsjerke”, kwa Kiingereza ni “church”. Lugha ya zizini, kumbe, ndiyo ndugu wa karibu wa Kiingereza kuliko zote za bara. Mwaka 1858 ikachapishwa Injili ya Mathayo aliyoitafsiri, kwa gharama ya Louis Lucien Bonaparte, mpwa wa Napoleon aliyekusanya lugha kama wengine wanavyokusanya stempu.

Alikusanya na vitu pia: vya kale, vya nyumbani, vya mikono ya watu wa kawaida. Mwaka 1853 akaukabidhi mkusanyo huo kwa jimbo la Friesland. Huo ni mmoja wa mizizi ya Fries Museum, makumbusho yaliyofunguliwa Leeuwarden mwaka 1881 na ambayo tangu 2013 yako katika jengo jipya katikati ya mji. Humo ndimo ulimo upanga unaosemwa ni wa Grutte Pier, wenye urefu wa zaidi ya mita 2.

Je, mambo yakawa shwari baada ya hapo? Hata kidogo. Chama cha kwanza cha kutetea Kifrisia kilianzishwa mwaka 1844, na Harmen Sytstra, mmoja wa waanzilishi wake, alitaka tahajia ya kurudi kwenye lugha ya kale, wakati Joast alikuwa na yake kichwani. Watu walioepuka kugombana kuhusu kama lugha iandikwe sasa waligombana kuhusu iandikwe vipi. Na serikali ilikuwa bado haijali. Tarehe 16 Novemba 1951 mwandishi wa habari Fedde Schurer alikuwa kizimbani Leeuwarden kwa maneno makali aliyoyaandika kumhusu hakimu ambaye hakutaka kusikia Kifrisia mahakamani. Watu wakajaa nje, polisi wakatoa virungu. Siku ile inaitwa Kneppelfreed, Ijumaa ya Virungu. Aibu ile ilifanya kazi: mwaka 1956 sheria ikaruhusu Kifrisia mahakamani, na mwaka 1980 kikawa somo la lazima katika shule za msingi za jimbo hilo. Leo kina wasemaji wapatao 450,000.

Limebaki deni moja la Joast. Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kamusi, “Lexicon Frisicum”, ambayo maneno ya Kifrisia aliyaeleza kwa Kilatini ili wasomi wa nchi zote waisome. Alikufa hajaimaliza. Mwanawe, naye akiitwa Tsjalling, aliichapisha mwaka 1872 kama alivyoikuta: inaanzia A na kuishia kwenye neno “feer”. Herufi zilizobaki zilisubiri. Taasisi ya Fryske Akademy, iliyoanzishwa mwaka 1938, ilianza kuchapisha kamusi yake kuu mwaka 1984, na juzuu ya mwisho, ya 25, ikatoka mwaka 2011. Hiyo imefika hadi Z. Maelezo yake yameandikwa kwa Kiholanzi.