Mchango Usisubiri Turubai

Wiki iliyopita niliketi mkekani kwa jirani wa mgonjwa wangu, katika mtaa mmoja wa mkoa wa Tanga, nikasikia kwa mara nyingine maneno ninayoyasikia tangu nianze kazi ya uuguzi wa huduma shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito. Katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana alikuwa amefungua daftari lake la jalada gumu, kidole kikiwa juu ya kifungu kinachohusu misaada. Kifungu hicho kinasema kwamba mwanachama akilazwa hospitali atapewa shilingi 50,000, na akifariki familia yake itapewa shilingi 300,000 pamoja na turubai, viti na masufuria ya kikundi. Mwanachama mwenyewe, mama wa miaka 64 mwenye saratani ya shingo ya kizazi, alikuwa amelala hatua chache kutoka pale tulipoketi. Hakuwa amelazwa, wala hakuwa amefariki, kwa hiyo katiba ya kikundi haikumwona. Katibu ni mtu mwema, na amesimamia mazishi mengi kuliko mtu yeyote mtaani hapo. Aliniambia kwa upole: "Nesi, hospitali si imeshamrudisha? Sasa hapo tuchangie nini? Siku yake ikifika tutakuwepo wote."

Sina shaka hata kidogo kwamba watakuwepo. Ninachokikataa, na ninakikataa kwa nguvu zangu zote, ni ile imani iliyomo ndani ya maneno hayo, kwamba mgonjwa akirudishwa nyumbani hakuna tena la kufanya isipokuwa kungoja. Mama huyu alirudi nyumbani mwezi wa tatu, na leo ninapoandika ni mwezi wa nane. Miezi mitano si kungoja. Ni siku zaidi ya 150 za kula, kwenda haja, kugeuzwa, kuoshwa, kunywa dawa kwa saa, kuomba, kucheka na wajukuu na kuogopa usiku.

Nitapita haraka kwenye mambo ambayo ningependa yawe yamekwisha kueleweka. Huduma shufaa si ya saratani peke yake. Wapo wagonjwa wa figo, wa moyo, wa UKIMWI, wazee waliopigwa na kiharusi na wazee waliopotewa na kumbukumbu. Si huduma ya wiki ya mwisho pia, kwani inatakiwa ianze pale ugonjwa mzito unapogunduliwa na iende sambamba na matibabu mengine. Mwaka 2010 madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 151 wenye saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Walioongezewa huduma shufaa mapema waliishi na sonona kidogo zaidi kuliko wenzao, na kwa kipimo cha kati, yaani muda ambao nusu yao waliuvuka, waliishi miezi 11.6, ilhali wenzao waliishi 8.9. Simwahidi mtu yeyote kwamba shufaa itamrefushia maisha, maana tafiti nyingine hazikuonyesha tofauti hiyo. Ninachosema ni kwamba anayeiita huduma hii mlango wa kaburi hajaitazama kwa karibu.

Sasa nije kwenye mwili uliolala, kwa sababu hapo ndipo jirani anapohitajika na ndipo anapokosekana.

Mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe anatakiwa ageuzwe takribani kila baada ya saa mbili. Hesabu hiyo ni mara 12 kwa siku moja, na usiku umo ndani yake. Binti wa mama huyu alikuwa mama lishe. Aliacha biashara yake mwezi wa nne kwa sababu hakuna anayeweza kupika chapati alfajiri na kumgeuza mama yake saa hiyo hiyo. Nilipofika mara ya kwanza nilikuta wekundu uliokoza juu ya mfupa wa kiuno, dalili ya mwanzo ya kidonda cha kulala muda mrefu, na kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani kama vitabu vinavyouchora. Unaonekana kama kivuli cheusi zaidi, na ukiweka mgongo wa mkono unahisi joto na ugumu. Watu hupasugua kwa mafuta wakidhani wanaamsha damu, kumbe kusugua kunaumiza nyama iliyoko chini. Wengine hujaza maji kwenye glavu na kuiweka chini ya kisigino. Glavu hiyo haisaidii. Kinachosaidia ni mto uliowekwa nyuma ya mgongo ili mgonjwa ainame kidogo upande mmoja bila kulala juu ya mfupa wa nyonga, mto mwingine kati ya magoti, na kanga iliyokunjwa chini ya mashavu ya miguu ili visigino vining'inie. Vitu hivi havina gharama kubwa. Gharama yake ni mikono, na mikono ndiyo ambayo mtaa mzima unayo na binti mmoja hana ya kutosha.

Kisha kuna harufu, na hapa ninaomba nivumiliwe nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo linalonikera kuliko yote. Saratani ya shingo ya kizazi ikifikia hatua fulani hutoa uchafu wenye harufu nzito, na kadhalika saratani ya titi inapopasua ngozi. Majirani huacha kuja. Mwanzoni hukaa barazani badala ya chumbani, baadaye huulizia hali wakiwa njiani, na mwisho hutuma salamu. Kisha wanasema mgonjwa anapenda kukaa peke yake. Mgonjwa hapendi kukaa peke yake. Anajua harufu yake kuliko mtu mwingine yeyote, na anawaonea haya. Harufu hiyo husababishwa na bakteria wanaoishi penye nyama iliyokufa, na ina dawa. Kidonge cha metronidazoli, kile kile kinachotumika kutibu amiba, husagwa kikawa unga na kunyunyiziwa juu ya kidonda kila kinapobadilishwa kitambaa. Kwa saratani ya shingo ya kizazi, mtoa huduma ataeleza namna ya kukitumia ukeni. Ni dawa ya bei ndogo, na mara nyingi chumba hubadilika ndani ya siku chache. Nimeona nyumba ambako vidonge hivyo vilirudisha watu watatu kukaa kando ya kitanda, jambo ambalo mahubiri yangu kuhusu upendo wa jirani hayakuweza kulifanya. Ndiyo maana ninasema kwamba kuwalaumu majirani bila kuondoa harufu ni kuwaonea, na kuacha harufu bila dawa ni kumwonea mgonjwa.

Kuhusu mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, nitasema jambo moja tu kwa kirefu. Mtaani inaitwa dawa ya kumalizia, na ninajua sifa hiyo inatoka wapi. Familia huikataa dawa kwa miezi, mgonjwa analia usiku na mchana, na hatimaye wanaikubali zikiwa zimebaki siku tatu. Mgonjwa hufa kwa ugonjwa wake, lakini chupa ndiyo iliyokuwa mezani, basi chupa ndiyo inayohukumiwa. Mwingine hulala sana siku mbili za kwanza na ndugu wanapata hofu, kumbe mwili ambao haukupata usingizi kwa wiki kadhaa unalipa deni lake. Ikianzishwa kwa dozi ndogo, ikanywewa kila baada ya saa nne na kuongezwa polepole kwa kufuata maumivu, mofini ya maji haimuui mtu. Usumbufu wake wa kweli ni choo kigumu, ambao hauishi kwa kuzoea, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo lazima ianze siku ile ile. Wenzetu wa Uganda walilielewa jambo hili mapema. Daktari Anne Merriman alianzisha hospisi, yaani kituo cha huduma shufaa, Kampala mwaka 1993, mofini ikatengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji, na mwaka 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu kuiandika. Mgonjwa wa kijijini hakulazimika tena kumtafuta daktari ambaye hayupo.

Chakula nacho kinaleta ugomvi. Mwili unaokaribia kufa hauna njaa, na kumlazimisha mgonjwa uji hadi apaliwe hakumpi nguvu. Mloweshe midomo kwa kitambaa safi chenye maji, mpe kijiko kimoja cha anachokitamani, inatosha.

Sasa turudi kwa katibu na daftari lake. Aliponiuliza wachangie nini, nilimjibu kwamba fedha ni jambo la tatu. La kwanza ni saa nne za mtu mzima mmoja, mara mbili kwa wiki, ili binti alale au aende sokoni. La pili ni mtu wa bodaboda atakayefuata dawa hospitalini kila baada ya wiki mbili, kwa sababu mofini haiuzwi duka la dawa la mtaani na nauli ya kwenda na kurudi ndiyo inayofanya dozi zirukwe. Fedha zinafuata, kwa ajili ya sabuni, nepi za watu wazima, nailoni ya kutandika na sukari ya uji. Kikundi kile kina wanachama 42. Wakigawana zamu, kila mmoja ataingia chumbani humo mara moja kwa takribani miezi mitano. Watu hao hao hukesha matangani usiku tatu mfululizo bila kulalamika, wanajua nani ana sufuria kubwa, nani ana gari, nani hawezi kuombwa fedha mwezi huu na nani anaweza kutuliza ndugu wanaogombana. Hakuna shirika lolote linaloweza kuja na ujuzi huo kutoka nje. Huko Kerala, India, mitaa ilianza kwa ujuzi wa namna hiyo hiyo: majirani wa kawaida walifundishwa, wakachangishana kidogo kidogo, wakaajiri wauguzi wao, na mwaka 2008 serikali ya jimbo ikatangaza sera ya huduma shufaa ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata njia iliyokwisha kuchongwa na watu hao.

Kuna athari nyingine ya katiba kama ile, ambayo sikuitambua hadi nilipokuwa nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa. Kwa kuwa fedha hutoka mtu akilazwa, familia humpakia mgonjwa kwenye bajaji, mifupa ikiuma kila shimo la barabara, ili alazwe usiku mmoja na cheti kipatikane. Wanatumia nusu ya mchango kuupata mchango. Siwalaumu, wanafuata kifungu walichopewa.

Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967 na aliyekuwa muuguzi na mfanyakazi wa ustawi wa jamii kabla hajawa daktari, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa ni ya mwili, ya moyo, ya kijamii na ya kiroho kwa pamoja. Nilipokuwa chuoni nililikariri hilo kwa ajili ya mtihani. Nililielewa siku mama huyu aliponiambia kwamba mgongo humuuma zaidi siku binti yake anapokopa dukani.

Ipo mizigo ambayo sijui namna ya kuitua. Tunaposema huduma ya nyumbani ni bora, mara nyingi tunamaanisha kwamba mwanamke fulani ataacha kazi yake bila malipo, na mimi ni mmoja wa wanaosema hivyo. Sina uhakika kama wanaojitolea wapewe posho. Nimeona posho ikileta uaminifu wa zamu, na nimeona pia zamu zikifa siku posho ilipochelewa. Na si kila nyumba ni mahali pema pa kufia. Kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye watu sita, choo kikiwa nje, nimewahi kumshauri mzee abaki nyumbani kwa sababu vitabu vinasema hivyo, na baadaye nikajuta. Wazee wanaoishi peke yao ndio wanaonisumbua zaidi. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi, jambo ambalo ninaliheshimu sana. Lakini pensheni haimgeuzi mtu kitandani saa nane za usiku.

Katibu hakunijibu siku ile. Alifunga daftari, akauliza kama anaweza kuingia kumsalimu mwanachama wake, na alikaa ndani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Jumamosi alinipigia simu akisema kwamba kamati imependekeza neno "akilazwa" lifuatwe na maneno "au akiuguzwa nyumbani kwa barua ya muuguzi," na kwamba baadhi ya wanachama wanahofia mfuko utakauka kwa sababu ugonjwa, tofauti na msiba, haujulikani utakwisha lini. Hofu hiyo ni ya haki. Nimependekeza waanze na zamu peke yake kwa miezi mitatu, wasiguse fedha. Kikao ni Jumapili hii baada ya saa kumi, nami nimeombwa niende kuonyesha namna ya kumgeuza mgonjwa. Nitakwenda na mito miwili na kanga, na katibu amekubali kulala mkekani awe mgonjwa.