Faili lililo mezani kwangu halikuandikwa London

Ijumaa baada ya swala nilikaa barazani na wazee wa mtaa wetu hapa Mombasa. Kijana mmoja akaanza kueleza habari za dada aliyerudi kutoka Saudia na mkono uliovunjika, mshahara wa miezi saba haujalipwa. Hajafika katikati, mzee ninayemheshimu sana akamkata kauli: "Achana na hayo, mwanangu. Hizo kelele za wazungu. Wanawaonea gere Waarabu kwa mafuta yao." Wenzake wakaitikia, kahawa ikaendelea kuzunguka.

Sikumjibu pale, maana si adabu kumbishia mtu mzima mbele ya rika lake. Lakini maneno hayo nimeyasikia redioni, nimeyasikia bandarini, na mwaka juzi niliyasikia matangani, maiti yenyewe bado haijatoka uwanja wa ndege. Mimi ni msaidizi wa kisheria, na miaka kumi na moja sasa kazi yangu ni mafaili ya watu wanaokwenda kufanya kazi Ghuba. Nimechoka kunyamaza.

Faili lililo mezani leo lina mkataba wa lugha mbili, nakala ya iqama, yaani kibali cha ukaazi, picha za mazungumzo ya WhatsApp, na daftari la shule la mtoto, lile la kurasa 32. Ndani yake dada ameandika kila siku saa aliyoamka na saa aliyolala. Kuamka saa kumi na moja alfajiri, kulala saa saba usiku. Ukurasa wa pili vivyo hivyo, wa tatu vivyo hivyo. Siku moja hakuandika saa, ameandika tu: "Leo nimekula mabaki ya mkate wa watoto." Wino umefifia katikati ya ukurasa, akamalizia kwa penseli ya nyusi. Sasa nionyesheni mzungu aliyemshikia kalamu.

Kafala, mfumo wa udhamini wa wafanyakazi wageni huko Ghuba, sitaieleza kwa urefu, wengi mnaijua kuliko mnavyotaka kuijua. Ukaazi wako umefungwa kwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Kubadilisha kazi, kutoka nchini, hata kuwa mtu halali barabarani, vyote vimepitia au bado vinapitia mkononi mwake, inategemea nchi na mwaka. Ukitoroka anapeleka taarifa ya huruub, yaani ya kutoroka kazi, na wewe uliyekuwa mlalamikaji unageuka mkosaji. Ndiyo maana dada zetu huko wamempa anayetoroka jina la Kemboi, yule mkimbiaji wetu wa kuruka viunzi na maji. Kushika pasipoti ya mfanyakazi ni kosa kwa sheria za Saudia, Qatar na Kuwait, na bado karibu kila anayekuja kwangu pasipoti yake ilikaa kabatini kwa mdam, bibi mwenye nyumba.

Linaloniudhi zaidi ni hili la kusema kafala ni dini, na kwamba anayeigusa amegusa Uislamu. Katika fikihi kafala ni dhamana: fulani anadaiwa, mimi nasimama kwa ajili yake, asipolipa nalipa mimi. Mzigo unamwangukia kafili. Neno hilo hilo tunalitumia kwa anayemlea yatima. Katika kafala ya kazi mambo yamepinduliwa: mzigo wote yuko nao mfanyakazi, kafili ana funguo. Hadithi ya kumpa mwajiriwa ujira wake kabla jasho lake halijakauka kila mtoto wa chuoni anaijua. Dada wa daftari anadai miezi saba. Ni jasho gani linalochukua miezi saba kukauka?

Na asili yake? Mtafiti wa Bahrain, Omar AlShehabi, ameifuatilia hadi kwenye majahazi ya lulu. Miaka ya 1920 Waingereza, waliokuwa wakiitawala Bahrain kwa jina la ulinzi, walitaka kujua kila mgeni aliyeshuka pwani yuko chini ya dhamana ya nani, nao hawakuwa na askari wala makarani wa kutosha. Wakamwachia nahodha awajibike kwa wapigambizi wake. Baadaye mafuta yakapanda bei miaka ya 1970, mamilioni wakaitwa kufanya kazi, na mpango ule ukanenepa. Kwa hiyo mzee wangu anapoitetea kafala kama mila ya Kiarabu dhidi ya wazungu, anatetea kitu ambacho karani wa Kiingereza alikitia saini. Na mwaka 2009 aliyeilinganisha kafala na utumwa alikuwa Majeed Al Alawi, waziri wa kazi wa Bahrain, Mwarabu, ofisini kwake.

Wazee wetu pia wanachanganya watu. Wakisema "Magharibi" wanatia kapu moja serikali, magazeti, vyama vya wafanyakazi na mashirika ya haki za binadamu. Serikali hizo, tuseme kweli, mara nyingi hazilaumu kitu. Joe Biden alipokuwa mgombea mwaka 2019 alisema Saudia itengwe kwa ajili ya mauaji ya mwandishi wa habari wa Kisaudi, Jamal Khashoggi. Julai 2022 alikuwa Jeddah akisalimiana kwa kugonganisha ngumi na mwanamfalme Mohammed bin Salman. Tarehe 12 Machi mwaka huo huo Saudia iliua watu 81 kwa siku moja kwa hukumu ya kifo. Siku nne baadaye waziri mkuu wa Uingereza, Boris Johnson, alikuwa Riyadh, kazungumzia mafuta. Wachezaji wa Ujerumani waliziba midomo kwenye Kombe la Dunia huko Qatar tarehe 23 Novemba 2022, na kwa taarifa yenu hawakuziba kwa ajili ya mishahara ya mtu, ilikuwa ni juu ya kitambaa cha mkononi cha nahodha, cha kupinga ubaguzi, ambacho FIFA iliwakataza. Tarehe 29, siku sita tu, ukatangazwa mkataba wa Qatar kupeleka Ujerumani gesi tani milioni mbili kila mwaka, kuanzia 2026, kwa miaka 15 au zaidi.

Hapo mzee ana haki yake na simnyimi. Namwongezea hata. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1990 wa kulinda wafanyakazi wahamiaji na familia zao haujaridhiwa na Saudia, wala Qatar, wala Uingereza, wala Ujerumani, wala Ufaransa, wala Marekani. Aprili 2012 Uingereza iliifunga viza ya mfanyakazi wa ndani kwa mwajiri aliyekuja naye. Ukimkimbia, umepoteza haki ya kukaa. Walikuja kulegeza kidogo 2016, baada ya kelele. Nimesoma masharti yale ya 2012 mara mbili, na ukiniondolea jina la nchi juu ya karatasi ningeapa ni ya Riyadh.

Lakini dada wa daftari hakuuza gesi wala hakuandika masharti ya viza. Wakubwa wa Ulaya wakiwa wanafiki, deni lake la miezi saba linapungua kwa riyali ngapi?

Tena wanaolaumu kwa gharama kubwa kabisa si wazungu. Ahmed Mansoor wa Falme za Kiarabu alikamatwa Machi 2017 na mwaka uliofuata akahukumiwa miaka kumi kwa alichoandika. Loujain al-Hathloul alidai wanawake wa Saudia waruhusiwe kuendesha gari. Alikamatwa Mei 2018, ruhusa yenyewe ikatoka Juni, yeye yuko ndani. Abdulhadi al-Khawaja, mtetezi wa haki wa Bahrain, ana kifungo cha maisha tangu 2011. Na Malcolm Bidali, Mkenya mwenzetu, mlinzi huko Qatar, aliandika kwa jina la kificho juu ya malazi ya walinzi na saa zao za kazi. Mei 2021 akachukuliwa, akawekwa peke yake karibu mwezi mzima, mwisho akatozwa faini ya riyali 25,000. Alikuwa akieleza chumba alicholala yeye mwenyewe.

Sasa hesabu za vifo, maana hapa pande zote mbili zinaniumiza kichwa. Gazeti la Guardian liliandika Februari 2021 kwamba wafanyakazi zaidi ya 6,500 walikufa Qatar tangu ipewe Kombe la Dunia. Hesabu ile ilikuwa ya watu wa India, Pakistan, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka, kwa sababu zote na kazi zote. Mtu akikwambia 6,500 walikufa wakijenga viwanja, hajasoma vizuri, na akisema hivyo mbele ya wakili wa upande wa pili anatuharibia. Lakini hesabu ile haikumgusa Mkenya hata mmoja, na gazeti lenyewe lilisema hivyo. Kwa hiyo wanaosema ilitiwa chumvi na wanaosema ilikuwa kamili, wote wamewaacha nje watu ninaowazika mimi.

Na karatasi zenyewe! Wizara ya Mambo ya Nje ya Kenya ilihesabu Wakenya 89 waliokufa Saudia mwaka 2020 na 2021, wengi wao wafanyakazi wa ndani. Jibu lililotoka huko: moyo ulisimama. Nina vyeti vya namna hiyo kabatini, vya wasichana wa miaka 24, 27, 31, waliopimwa afya na kufaulu kabla ya kupanda ndege, maana bila cheti cha afya hupati viza. Kila anayekufa moyo wake husimama. Aliyechomwa kisu moyo ulisimama, aliyeanguka kutoka ghorofa ya nne moyo ulisimama. Hiyo ni habari ya kuwa amekufa, sababu haijasemwa. Cheti kikiandikwa hivyo hakuna uchunguzi wa maiti, pasipo uchunguzi hakuna kosa, pasipo kosa hakuna fidia, na mama aliyetuma mtoto anabaki na sanduku na kufuli la sanduku. Niliwahi kupokea sanduku ambalo ndani yake mlikuwa na nguo zilizokunjwa vizuri sana, chumvi ya kuogea haijafunguliwa, na simu iliyofutwa kila kitu. Aliyeifuta alikuwa na sababu.

Je, shinikizo la nje linasaidia? Hapa nina shaka zangu. Mwaka 2014 wajumbe wa wafanyakazi walipeleka malalamiko dhidi ya Qatar katika Shirika la Kazi Duniani. Kesi ilifungwa 2017 baada ya Qatar kukubali kubadilika, na 2020 ikaondoa ile ruhusa ya mwajiri ya kuhama kazi. Machi 2021 kima cha chini cha riyali 1,000 kikaanza, nacho kinamhusu hata wa ndani. Bila macho ya Kombe la Dunia sidhani ingetokea. Saudia nayo ilitangaza mageuzi Machi 2021, ila mfanyakazi wa ndani, mchunga mifugo na dereva wa nyumbani wakaachwa nje. Yaani wale wale ambao kamera za viwanjani haziwaoni. Kombe la 2034 ni la Saudia, na nahofia tutaangalia tena viwanja, jiko lisahauliwe.

Na kuzuia watu wasiende? Kenya ilifuta leseni za mawakala 2014, ikafungua tena 2017. Katika miaka ile sikuona faili likipungua. Niliona yanakuja yasiyo na mkataba, maana wasichana walipitishwa nchi jirani. Siku hizi siungi mkono marufuku, ingawa wenzangu ninaowaamini wanaiunga. Saudia ni miongoni mwa nchi ambazo Wakenya wake wanatuma nyumbani fedha nyingi kabisa. Wapo waliojenga, wapo waliomaliza mkataba na mdam akalia kwenye kuagana. Nao ni kweli. Kwa miaka Mkenya amelipwa riyali 900 pale ambapo Mfilipino alilipwa 1,500, kwa jiko lile lile, na hilo silisikii likilaumiwa Ulaya, wala Nairobi.

Wakala mmoja aliniuliza kwa hasira: "Wewe yaya wako Mombasa analala saa ngapi?" Nilimjibu, lakini swali limebaki nami, kwa sababu mtaa wangu una wasichana wa kazi ambao hawana mkataba wowote wa lugha yoyote.

Jumapili nitamfuata mzee nyumbani kwake, sitamsubiri barazani. Nitamchukulia daftari, dada amenipa ruhusa, jina limezibwa kwa karatasi.

Na kwenu mlio na mtu huko: mkija kwangu, nileteeni nakala ya mkataba, namba ya iqama, jina la kafili kwa Kiarabu kama lilivyoandikwa, na tarehe ya mshahara wa mwisho aliotuma. Ujumbe wa sauti msiufute hata ukiwa wa kilio tupu, tarehe na saa zake ninazihitaji. Akiwa bado yuko kazini, apige picha ya pasipoti leo usiku, kabla simu haijachukuliwa.