Gesi haipigi shoti

Juzi barazani, baada ya isha, mzee wangu mmoja katueleza kwamba mafundi wameweka kipima sauti kwenye swichi ya umeme mkubwa wakasikia mchakaro ndani. "Gesi imepiga shoti," kasema. Nikamuuliza: "Taa zilizimika?" Akajibu: "Wala."

Basi haikuwa shoti.

Swichi za umeme mkubwa, kama huu wa volti 132,000 unaokuja Unguja kwa waya wa baharini kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, mara nyingi hujazwa gesi ya kuzuia umeme: salfa heksafloridi, peke yake au pamoja na nitrojeni. Msukumo wa umeme ukizidi uwezo wa gesi, gesi hupasuka, yaani hugeuka njia ya umeme. Maana ya kupasuka ndiyo hiyo.

Tabu iko kwenye neno. Shoti hii siyo ile ya farasi aendaye shoti. Imetoka kwenye neno la Kiingereza lenye maana ya "fupi": umeme umepata njia ya mkato, waya wa moto umekutana na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, bila kupitia taa wala feni. Shoti yaeleza njia. Haielezi hali ya gesi. Gesi ikipasuka kutoka upande mmoja hadi wa pili, hapo shoti hufuata, na fyuzi au brika hukata.

Kilichosikika kule ni korona. Hili ni neno la Kilatini, maana yake taji, kwa ule mwanga unaozunguka ncha ya chuma. Maradhi ya 2020 yalipewa jina kwa sababu hiyohiyo ya taji, na undugu wao unaishia hapo. Chembe ya chuma nyembamba kama unywele ikisahaulika ndani ya tangi la swichi, msukumo huzidi sana nchani mwake. Elektroni moja hugonga molekuli ikatoa ya pili, mbili zikatoa nne. Gesi ya pale nchani imeshapasuka. Iliyobaki bado imeshikilia.

Inashikilia kwa sababu heksafloridi hudaka elektroni. Nitrojeni haidaki, lakini huzichosha, kama mvuvi anavyomchosha jodari kabla ya kumpandisha chomboni. Ndiyo maana mchanganyiko wenye heksafloridi asilimia 20 tu hufikia takriban asilimia 70 ya nguvu ya heksafloridi tupu. Na kuipunguza kuna faida kubwa, maana ikivuja hulipasha joto anga zaidi ya mara 20,000 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi.

Korona yaweza kukaa miezi na taa zinawaka, huku ikiivunjavunja gesi. Vipande vyake vikikutana na unyevu huwa asidi inayokula chuma. Kwa hiyo, mzee wangu, ukiwasimulia tena sema gesi inatoa korona. Ukisema shoti, fundi atakwenda kutafuta brika iliyokata, ataikuta nzima, atarudi nyumbani.