Peji ya gesti yako ifungue kwa simu, Google nao wanaiangalia hapo

Wenye magesti hapa Lamu malalamiko yao huwa ni yale yale, websaiti imejengwa kwa pesa nzuri, inang'aa, lakini mgeni akitafuta chumba Shela haimtokei ng'o. Mimi kwanza naifungua kwa simu ya kawaida, laptop naiacha. Manake Google walishahamia kwenye simu, shughuli hiyo walitangaza imekamilika 2023, na sa hii wanachosoma na kukiweka kwenye kumbukumbu zao ni ile sura ya simu. Kwa hiyo fundi akiondoa maelezo ya vyumba kwenye simu ili peji ionekane safi, kwa Google hayo maelezo hayapo, hata kama kwenye kompyuta yamejaa tele. Kuyakunja chini ya kitufe sawa, hakuna shida, mradi yawe tayari ndani ya peji yasisubiri mtu abonyeze ndo yaletwe.

Sasa angalia peji zetu nyingi zilivyo. Juu kabisa slaida, yaani picha zinazopishana zenyewe, jahazi, machweo, mlango wa kuchonga, kila picha MB kadhaa, halafu yale maneno ya maana kabisa, "Vyumba vya familia, Shela", yamechorwa ndani ya picha! Jamani, yaandikeni kama maandishi, kichwa cha habari kabisa, Google wenyewe wanashauri hivyo. Juu ya peji ndo daka la nyumba, mgeni anakaa hapo kwanza kabla hajaamua kuingia ndani.

Na hiyo picha ya juu inapimwa. Google wanataka kile kitu kikubwa kinachoonekana mwanzo kiwe kimeshatokea ndani ya sekunde 2.5, tena kwa angalau asilimia 75 ya wanaofungua, na vipimo vinatoka kwa watu halisi wanaotumia Chrome, wakiwemo wale wenye bando la kusuasua pale jeti ya Mokowe. Mi ningeitoa slaida yote nibakishe picha moja, niibane iwe WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, niipunguze itoshe upana wa simu. Ile mbinu ya kuchelewesha picha mpaka mtu askroli iachie picha za chini tu, ukiitia kwenye picha ya juu unajichelewesha mwenyewe.

Kitu kingine kinachoniuma ni peji kurukaruka. Mgeni anataka kubonyeza "Weka nafasi", ghafla picha inashuka kutoka juu, kidole kinaangukia kwingine, basi anaondoka zake. Hiyo nayo ina alama, isizidi 0.1, na dawa yake rahisi mno: kila picha iandikiwe upana na urefu kwenye kodi ya websaiti, yale maandishi anayoandika fundi, ili nafasi yake ikae tayari.

Popapu za kufunika skrini nzima mtu akitoka tu Google zimekuwa zikiadhibiwa tangu Januari 2017, na peji zilizojaza matangazo juu tangu 2012, kwa hiyo hapo sina mengi.

Ila tusidanganyane, mpangilio hauwezi kubeba peji isiyo na habari. Andika bei, boti kutoka uwanja wa ndege wa Manda inachukuliwa wapi, chumba kipi kina upepo, hayo ndo mgeni anayotafuta na bado yana uzito kuliko sura. Na ukishabadilisha usikimbilie kuangalia kesho yake, zile takwimu za Chrome ni za siku 28 zilizopita, zinasogea polepole.