VM haitafuta Windows yako, na mengine ambayo watu wanayaelewa vibaya

Hii naisikia karibu kila siku, eti ukiweka mfumo wa Linux kwenye mashine pepe (VM, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta yako) utapoteza Windows na mafaili yako yote. Hapana jamani. Hofu yenyewe naielewa inatoka wapi, maana unaendesha instola ya Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, vizuri tu mara inakuletea chaguo la kufuta diski yote, unabaki umeduwaa kidole kiko juu ya mausi. Rafiki yangu alifika hapo akazima laptopu kabisa. Lakini diski inayosemwa pale siyo ya laptopu, ni faili moja tu lililokaa kwenye folda, ukitumia VirtualBox (programu ya kuendesha VM) jina lake kawaida linaishia na .vdi, na instola iliyo ndani haioni diski nyingine yoyote zaidi ya hiyo. Futa, gawanya, fomati hata mara 10, Windows iko palepale. Inayowaliza watu ni ile njia nyingine kabisa, ya kuinstoli mifumo 2 kwenye diski moja ya kweli, hapo ukikosea partisheni (kipande cha diski) umekwisha, na watu wengi wanachanganya hizo mbili.

Halafu wapo wanaosema mpaka uwe na kompyuta ya nguvu sana. Mtu anaona VM imetaka GB 25 anadhani zinaondoka zote hapohapo, kumbe ukichagua diski inayokua yenyewe faili linaanza dogo na linaongezeka kadiri unavyolijaza (ila ukifuta vitu ndani halipungui lenyewe, hilo ulijue). Cha kuangalia zaidi ni ramu, hiyo inaliwa VM ikiwa imewaka na ukiizima inarudi. Laptopu ya GB 8 inaendesha Linux moja bila shida, usiipe zaidi ya nusu tu, na chukua desktopu nyepesi kama Xfce.

"Prosesa yangu ni ya zamani, VM inagoma." Intel walianza kuweka VT-x, uwezo wa prosesa kusaidia VM, mwaka 2005, AMD wakafuata na AMD-V mwaka 2006, kwa hiyo mara nyingi uwezo upo ila umezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka). Kwenye Windows fungua Task Manager, nenda Performance, bonyeza CPU, utaona mstari wa Virtualization. Ikisema Disabled, ingia BIOS utafute Intel Virtualization Technology, au SVM kwa AMD, washa, sevu, basi. Wenye Mac za M1 kwenda mbele shida yao ni nyingine, prosesa zile ni za ARM, aina tofauti na za Intel na AMD, tafuta ISO (faili la kuinstolia) ya ARM64 maana ile ya kawaida itabidi iigizwe na itakuwa nzito kweli.

Kinachoniuma ni mtu kujaribu Linux ndani ya VM siku moja halafu anatangaza ni nzito na video zinakwama. Ndugu yangu, mle ndani kadi yako ya grafiki haitumiki ipasavyo, na umeipa VM kor 1 tu ya prosesa! VM inakuonyesha mfumo unavyotumika, menyu zake, programu zake, namna ya kuinstoli vitu. Haikuambii kama WiFi yako itashika, kwa sababu kawaida mfumo wa ndani unaona kadi ya mtandao ya waya hata kama wewe uko kwenye WiFi. Hilo lipime kwa kuwasha Linux kutoka kwenye flashi.

Sasa upande wa pili, watu wanaiamini VM kupita kiasi, eti virusi haviwezi kutoka. Ukuta ni imara lakini umeshawahi kukutwa na tundu, mwaka 2015 iligundulika VENOM, kasoro kwenye kodi ya floppy ndani ya QEMU (programu nyingine ya kuendesha VM) iliyoweza kumtoa mshambuliaji nje ya VM. Na mara nyingi hata hahitaji tundu, mlango umemfungulia mwenyewe kwa kushea folda, kirusi cha kufunga mafaili kikiwaka ndani kinafunga na yale ya kwenye folda hiyo. Kabla ya kufungua kitu usichokiamini zima folda za kushea, klipbodi ya pamoja na mtandao.

Na snapshoti (hali ya VM uliyoihifadhi ili uweze kuirudia) siyo bakapu. Inategemea faili lilelile la diski, likiharibika hilo snapshoti zote zinaenda nalo. Zima VM, kopi folda yake nzima kwenye diski ya nje.